Kugeuza Ua wa Nyuma Wenye Mteremko Kuwa Bustani ya Mawe na Mimea: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Mombasa

Nyumba nyingi za Mombasa zina ua wa nyuma unaoteremka: zile zinazoelekea mkono wa bahari wa Tudor, zile za miinuko ya Mikindani na Changamwe, na baadhi ya zile za Likoni na Mkomani. Ua wa namna hii mara nyingi huachwa mtupu, ukaota magugu wakati wa masika na kugeuka vumbi wakati wa kaskazi, huku kila mvua kubwa ikiondoka na sehemu ya udongo wake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuugeuza kuwa matuta yanayoshikwa na kuta fupi za mawe, yenye ngazi za kupitia na mimea inayostahimili hali ya pwani. Kazi yenyewe ina mpangilio ambao haufai kupinduliwa: kwanza hushughulikiwa maji, kisha mawe, kisha udongo, na mimea huja mwisho. Wanaoanza na mimea hulazimika kuing'oa pindi ukuta unapojengwa, na wanaojenga ukuta bila kufikiria maji huuona ukivimba tumbo baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua.

Kuitambua ardhi yako

Mombasa haina udongo wa aina moja. Kisiwa chenyewe pamoja na ukanda wa Nyali na Bamburi vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na juu yake mara nyingi kuna mchanga au udongo mwembamba tu. Upande wa magharibi, Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini, chini kuna miamba laini ya tope iliyoganda ambayo ikioza huwa mfinyanzi mzito. Tofauti hii ndiyo itakayoamua kila hatua inayofuata. Matumbawe hupitisha maji upesi na hutoa msingi imara usiosogea. Mfinyanzi huyashika maji, huvimba unaponyesha, hupasuka unapokauka, na mwendo huo wa kuvimba na kusinyaa husukuma ukuta mwaka hadi mwaka.

Ili ujue ulicho nacho, chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60 katikati ya mteremko. Lijaze maji, yaache yapotee, kisha lijaze tena na uangalie saa. Maji yakiisha ndani ya saa moja au mbili, ardhi yako inapitisha vizuri. Yakilala humo hadi asubuhi, uko juu ya mfinyanzi, na kuta zako zitahitaji uangalifu zaidi na kimo kidogo zaidi. Rudia jaribio hilo sehemu ya juu na sehemu ya chini, kwa kuwa si ajabu ua mmoja kuwa na tabia mbili.

Kabla hujachimba popote pengine, tafuta lilipo shimo la maji taka. Nyumba nyingi za mji huu hazijaunganishwa na mfumo wa maji taka na hutegemea tangi na shimo la kufyonza lililo uani, na ukuta mzito wa mawe haupaswi kukaa juu yake wala karibu nalo. Fuatilia vilevile bomba la maji safi na nyaya za umeme zilizozikwa. Ulizia kwa mwenye nyumba wa awali au fundi aliyejenga, kisha uchore ramani ya ua kwenye karatasi na uweke alama kila kitu kilichofichwa ardhini.

Kupima mteremko

Hapa ndipo mpira wa maji unaposhinda vyombo vya bei ghali. Chukua mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, wenye urefu wa mita 15 hivi, uujaze maji hadi kusiwe na mapovu ndani, kisha ufunge ncha moja kwenye kigingi kilichosimama juu ya mteremko na nyingine kwenye kigingi kirefu kilicho chini. Maji katika ncha zote mbili yatakaa usawa mmoja. Pima umbali kutoka usawa huo hadi ardhini katika kila kigingi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kimo cha mteremko wako.

Tuchukue mfano wa ua wenye urefu wa mita 12 kutoka mlango wa jikoni hadi ukuta wa mpaka, upana wa mita 10, na mteremko wa mita 2.4. Mtu anaweza kutamani kujenga ukuta mmoja mrefu chini na kusawazisha ua wote. Asifanye hivyo. Shinikizo la udongo nyuma ya ukuta huongezeka upesi kuliko kimo chenyewe, kwa hiyo ukuta wa mita 2 hauwi tu na shida maradufu ya ule wa mita 1, bali shida mara kadhaa. Kuta tatu za sentimita 60 kila moja hubeba mita 1.8 za mteremko, na sentimita 60 zinazobaki hugawanywa katika miinamo midogo ya matuta manne. Kila ukuta ukichukua unene wa sentimita 45 chini, matuta yatabaki na upana wa zaidi kidogo ya mita 2.6 kila moja, nafasi inayotosha meza na viti vinne au safu mbili za mimea na njia katikati. Tuta la kukalia lipe mwinamo mdogo, sentimita 5 hivi kutoka nyuma hadi mbele, ili viti visiyumbe na maji yasituame. Mwinamo uliobaki wagawie matuta ya mimea.

Ukuta wowote unaozidi mita moja, au ulio karibu na msingi wa nyumba, barabara au mpaka wa jirani, mkabidhi mhandisi. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, ujenzi huhitaji idhini ya kaunti, kwa hiyo pita katika ofisi ya mipango ya Kaunti ya Mombasa uulize kinachohusu kazi yako kabla ya kuagiza lori la kwanza la mawe. Zungumza pia na jirani wa chini. Maji yako yakimfikia yeye, ugomvi utakaozuka utakugharimu kuliko ukuta.

Kuyaelekeza maji

Mvua za Mombasa huja kwa misimu miwili. Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kwa kawaida hufikia kilele mwezi wa Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Katika masika mvua inaweza kumwagika kwa saa chache kwa wingi wa kushangaza. Paa la mita 100 za mraba likipokea milimita 50 za mvua, humwaga lita 5,000 za maji, na kama bomba la paa linaishia uani, maji hayo yote yatapita juu ya bustani yako.

Hatua ya kwanza ya ujenzi, basi, ni kuyaondoa maji ya paa kwenye mteremko. Yapeleke kwenye tangi. Faida yake ni mbili, kwa sababu maji ya visima vingi vya mji huu yana chumvi na huunguza majani ya mimea laini, ilhali maji ya mvua ni matamu na mimea huyapenda. Tangi likijaa, maji ya ziada yashushwe kwa bomba hadi mtaro ulio chini kabisa ya ua. Hakikisha mfuniko wa tangi unafunga na tundu la hewa lina wavu, kwani Mombasa imewahi kukumbwa na milipuko ya homa ya dengi, na mbu anayeieneza hutaga mayai katika maji safi yaliyotuama karibu na nyumba.

Hatua ya pili ni mtaro mfupi juu ya tuta la kwanza, wenye kina cha sentimita 20 hivi, unaokinga maji yanayotoka upande wa nyumba na kuyapeleka pembeni taratibu. Mtaro ukiwa mkali sana utakula udongo wake wenyewe. Mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha.

Kuchagua mawe

Kwa kuta, jiwe la matumbawe ya machimbo ndilo la kwetu. Hulainika kwa shoka na patasi linapotoka chini na huzidi kuwa gumu linapokaa hewani, ni jepesi kwa ukubwa wake, na lina matundu madogo yanayoshika chokaa vizuri. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa kwa mawe ya namna hii juu ya mwamba wa namna hii, na bado imesimama kando ya bahari yenye chumvi. Nunua mawe ya machimbo ya nchi kavu pekee. Matumbawe ya baharini ni nyumba ya samaki, na kuyavunja ni kubomoa mwamba unaolinda fuo zetu dhidi ya mawimbi. Mchanga wa ufuoni nao usiutumie katika udongo wa kujengea, kwa maana chumvi yake hudhoofisha kazi na hatimaye hutoka nje kama unga mweupe.

Kwa sakafu ya njia na tuta la kukalia, mawe bapa ya Mazeras yanafaa sana. Yana rangi za udongo, kuanzia manjano hadi kahawia na kijivu, na uso wake wenye mkwaruzo hauteleziki mvua inaponyesha. Mawe ya Galana nayo ni mazuri. Mimi huyapendelea ya Mazeras yaliyovunjwa bila kupimwa, si yale yaliyokatwa miraba kwa mashine, kwa sababu vipande visivyolingana hukaa vizuri zaidi na ukuta wa matumbawe na huacha nafasi za majani madogo kuota katikati.

Ukuta wa mfano wetu, wenye urefu wa mita 10, kimo cha sentimita 80 pamoja na sehemu iliyozikwa, na unene wa wastani wa sentimita 40, unahitaji mita za ujazo 3.2 za mawe. Kuta tatu ni kama mita 10 za ujazo. Ongeza moja au mbili kwa yatakayovunjika.

Kujenga kuta

Jenga katika miezi mikavu ya Januari na Februari, na uanze na ukuta wa chini kabisa, kisha upande juu. Kila ukuta ukikamilika, udongo uliochimbwa juu yake hushuka na kujaza nyuma yake, na toroli halisumbuki kupanda mlima.

Nyosha uzi kati ya vigingi, kisha chimba msingi wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 30. Udongo wa juu, ule mweusi au mwekundu wenye mizizi, uweke kando kwa ajili ya mimea na usiuchanganye na kifusi. Shindilia chini ya msingi, mwaga sentimita 10 za kokoto, shindilia tena, na upange mawe makubwa kuliko yote yakiwa yamezama sentimita 20 chini ya ardhi. Palipo na mwamba wa matumbawe karibu, chonga mwamba wenyewe uwe tambarare na uanzie hapo.

Safu zinazofuata zifuate kanuni ambayo kila mwashi mzuri anaijua: kila jiwe lifunike kiungo cha mawili yaliyo chini yake. Kiungo kinachopanda wima kupitia safu tatu au nne ndipo ukuta utakapopasuka. Katika kila mita ya urefu, weka jiwe moja refu linaloingia ndani kutoka uso wa mbele hadi nyuma, lifunge ukuta kama kifungo. Uso wa mbele uinamie nyuma, kiasi cha sentimita 10 kwa kila sentimita 60 za kimo, ili uzito wa ukuta uegemee kilima. Timazi hapa lakuongoza kwa kukuonyesha unavyoachana nalo: pima kutoka uzi wake hadi uso wa jiwe, na umbali uzidi kadiri unavyopanda.

Je, ujenge kwa udongo wa kujengea au mawe makavu? Kwa kuta za sentimita 60, mawe makavu yaliyopangwa kwa ustadi ni bora, kwa kuwa maji hupenya popote na ukuta ukisogea kidogo haupasuki. Ukitaka viungo vilivyojazwa, tumia chokaa sehemu moja kwa mchanga wa mto sehemu tatu, au saruji moja, chokaa moja na mchanga sita. Mchanganyiko wa saruji nyingi ni mgumu kuliko jiwe la matumbawe lenyewe, huzuia unyevu usitoke, na mwishowe ni jiwe linalobabuka badala ya kiungo. Kazi ya chokaa ifunikwe magunia mabichi kwa siku kadhaa, kwani jua la kaskazi huikausha kabla haijashika.

Sehemu inayosahaulika ni nyuma ya ukuta. Acha nafasi ya sentimita 30 kati ya mawe na kilima. Chini yake laza bomba lenye matundu, likiinamia upande mmoja sentimita 1 kwa kila mita, na ncha yake itokeze nje ya ukuta mahali penye mtaro. Tandika kitambaa cha kuchujia dhidi ya udongo wa kilima, kisha jaza nafasi yote kwa kokoto safi hadi sentimita 15 kutoka juu, kunja kitambaa juu ya kokoto, na ndipo uweke udongo. Ukijenga kwa chokaa au saruji, acha pia matundu ya kutolea maji kwenye safu ya chini, moja katika kila mita moja na nusu. Kwa wenye mfinyanzi wa Mikindani au Changamwe, bomba hili na kokoto hizi ni lazima hata kwa ukuta wa sentimita 40, na ni afadhali kupunguza idadi ya viti vya bustani kuliko kupunguza kokoto.

Mawe ya juu kabisa yachague mapana na mazito. Ukuta wa sentimita 60 utakaliwa na wageni siku za sherehe, kwa hiyo mawe hayo yakae imara na uso wake uwe laini.

Ngazi na njia

Ngazi zijengwe pamoja na kuta, si baadaye, ili mawe yake yaingiane na ya ukuta. Kipimo kinachoufaa mguu ni kimo cha sentimita 15 na kikanyagio cha sentimita 33 hadi 35. Vidato vinne humaliza ukuta wa sentimita 60. Upana wa mita 1.2 huruhusu watu wawili kupishana au mmoja kubeba sinia la chakula bila hofu. Vidato vyote viwe sawa kabisa kwa kimo, maana mguu huzoea kipimo cha kidato cha kwanza na hujikwaa kwenye kile kisicholingana. Kila kikanyagio kiinamie mbele kidogo tu, maji yasilale. Kama nyumbani kuna wazee, weka mshikio upande mmoja.

Mawe bapa ya njia yalazwe juu ya sentimita 10 za kokoto iliyoshindiliwa na sentimita 4 za mchanga. Hayahitaji zege. Jiwe linalocheza hunyanyuliwa, mchanga ukaongezwa, likarudishwa.

Kuutengeneza udongo

Hapa Bamburi tuna mfano mkubwa wa kutia moyo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti katika machimbo ya matumbawe yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, tatu tu zilistahimili, mvinje na mnazi zikiwa miongoni mwake. Majani makavu ya mvinje yalipodondoka na kukataa kuoza, waliletwa majongoo wakayatafuna, na polepole tabaka la udongo likajengeka hadi msitu unaotembelewa leo kwa jina la Haller Park.

Uani kwako kazi ni ndogo kuliko hiyo. Rudisha udongo wa juu uliouhifadhi, uchanganye na mboji na samadi iliyooza vizuri, sehemu moja kwa kila sehemu tatu za udongo. Majani na maua madogo yanahitaji kina cha sentimita 30, vichaka sentimita 60. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, na dalili yake ni majani mapya kuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, hasa kwa milimau na midimu. Mimea hiyo inakosa chuma, si mbolea ya dukani, na dawa ya kudumu ni kuongeza mboji kila msimu. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa: huzuia matone ya mvua yasiupige udongo, hushika unyevu, na hapa pwani hayakosekani.

Kupanda

Mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi, panda. Anza na nyasi zinazoshika kingo. Nyasi za Pemba, zenye majani mapana na mashina yatambaayo, huvumilia kivuli na upepo wa chumvi. Kwenye sehemu zenye mwinamo mkali, panda vetiva kwa mstari unaokata mteremko, shina moja kila sentimita 15. Mizizi yake hushuka wima mita mbili na zaidi na haisukumi ukuta pembeni. Mchaichai hufanya kazi inayofanana kwa kiasi kidogo, na unakupa chai.

Tuta la juu hukauka upesi zaidi, kwa hiyo lipe mshubiri na waridi la jangwa, ambalo ni mmea wa pwani hii hii na huchanua sana wakati wa ukame. Bogenvilia iachiwe nafasi ya kuning'inia juu ya ukuta. Tuta la kukalia nalo lipewe manukato: asumini kwenye ukingo, mrehani karibu na ngazi, na mkilua ukiupata, kwa kuwa maua yake ya kijani hunukia hasa jioni, wakati ambao watu hukaa nje. Mlangilangi ni mti mkubwa. Usiupande ila ua wako ni mpana. Tuta la chini, linalopokea unyevu wote, lifae migomba, mipapai na mdimu.

Miti mikubwa ikae mita 3 au zaidi kutoka ukuta wowote, na mnazi usiwe juu ya njia wala mahali pa watoto kuchezea. Mkungu hutoa kivuli kizuri lakini mizizi yake hupita juu juu na kunyanyua sakafu. Mvinje ni mti wa shamba, hupita mita 20. Mwarobaini hujiotesha kila mahali, na miche yake iondolewe mapema. Adui mkubwa zaidi wa ukuta wa mawe ni mti wa jamii ya mtini unaoletwa na ndege na kuota kati ya viungo; atakayetaka kuona nguvu yake aende kwenye magofu ya Gede, ambako mizizi imekumbatia kuta nzima. Ung'oe ungali na majani mawili.

Mwagilia asubuhi kila siku kwa wiki mbili za kwanza mvua isiponyesha, kisha punguza, maji yakiwa mengi mara moja kuliko kidogo kidogo kila siku, ili mizizi ifuate unyevu chini.

Matunzo ya mwaka wa kwanza

Baada ya kila mvua kubwa ya masika ya kwanza, zunguka ua na uangalie ncha za mabomba. Maji yakitoka safi, kila kitu kiko sawa. Yakitoka na tope, kitambaa kimepasuka au hakikufunikwa vizuri mahali fulani. Yasipotoka kabisa huku udongo wa juu ukiwa umelowa chepechepe, bomba limeziba, lisafishwe kabla ya mvua inayofuata. Nyosha uzi mbele ya ukuta na upime kama kuna uvimbe. Udongo nyuma ya kuta utashuka sentimita chache, na hilo ni la kawaida. Ongeza udongo wenye mboji juu yake. Kata nyasi fupi karibu na kuta za mawe makavu, kwa maana nyoka na nge hupenda nyufa zilizofunikwa na majani, na vaa glavu unapong'oa magugu kwenye viungo. Kabla ya vuli, safisha mitaro, fukua majani yaliyoziba, ongeza makumbi palipobaki pembamba, na upande upya pale mche uliposhindwa, ukichagua aina iliyoshinda kwenye tuta hilohilo.